Vitabu kuhusu mtoto wa Lindbergh vimemsahau mtoto mwenyewe

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea, mwezi uliopita, sura ya kwanza ya kazi anayoiandika kwa Kiswahili. Si tasnifu. Ni kitabu, anasema, cha wasomaji wa kawaida, nacho kinasimulia kisa cha kweli cha mtoto aliyetekwa nyara Marekani mwaka wa 1932, mwana wa rubani Charles Lindbergh. "Prof," akaniambia, "watu wanapenda hizi stori. Wanazisikiliza kwa simu usiku kucha. Kwa nini wazipate kwa Kiingereza tu?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni la haki. Kiswahili kimekuwa na riwaya za upelelezi kwa muda mrefu. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, naye Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Lakini hizo ni kazi za kubuni. Utanzu unaosimulia uhalifu uliotendeka kweli, wenye majina ya watu waliokufa kweli, bado hatujaupa hata jina lililotulia. Katika makala haya nitauita masimulizi ya uhalifu wa kweli, na msomaji mwenye jina bora zaidi asininyime.

Niliisoma sura ile, nikaipenda, kisha ikanisumbua. Nilipovirudia vitabu vya Kiingereza alivyovitegemea, niligundua kwamba kasoro iliyonisumbua haikuanza kwake. Ameirithi.

Kwa faida ya wasiokijua kisa chenyewe, nitakidokeza kwa ufupi. Mnamo Mei 1927, Lindbergh alikuwa mtu wa kwanza kuruka peke yake kwa ndege, bila kutua, kutoka New York hadi Paris. Safari hiyo ya saa 33 na nusu ilimfanya maarufu kupita kiasi. Usiku wa Machi 1, 1932, mtoto wake wa kwanza, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kutoka chumba chake cha ghorofani karibu na Hopewell, jimboni New Jersey. Chumbani iliachwa barua ya kudai dola 50,000, na huko nje ikaokotwa ngazi ya mbao ya kujiundia. Fidia ililipwa Aprili 2 katika makaburi ya Bronx kupitia kwa mwalimu mstaafu, John Condon. Mtoto hakurudishwa. Mwili wake ulipatikana vichakani Mei 12, kama kilomita saba kutoka nyumbani.

Ilipita miaka miwili na zaidi. Septemba 1934, seremala Mjerumani kwa jina Bruno Richard Hauptmann alilipia petroli kwa noti ya dola 10 iliyokuwa miongoni mwa zile za fidia. Mhudumu wa kituo, kwa kuitilia shaka noti ile, alikuwa ameandika juu yake nambari ya gari. Polisi walipoipekua gereji ya Hauptmann walipata zaidi ya dola 13,000 za fidia. Alishtakiwa katika mji mdogo wa Flemington kuanzia Januari 1935, na mnamo Aprili 3, 1936, akauawa kwa kiti cha umeme huku akishikilia kuwa hana hatia.

Tangu hapo vitabu havijakoma. Hebu tutazame anwani zake, maana anwani ndiyo mlango wa kitabu. George Waller alikiita chake Kidnap (1961). Anthony Scaduto akakiita Scapegoat (1976), yaani mbuzi wa kafara. Ludovic Kennedy, mtangazaji wa Uingereza, alichagua The Airman and the Carpenter (1985), rubani na seremala. Jim Fisher, aliyewahi kuwa afisa wa FBI, aliandika The Lindbergh Case (1987). Mwanahistoria Lloyd Gardner akatoa The Case That Never Dies (2004), kesi isiyokufa kamwe.

Msomaji mpendwa, umeona nani hayupo? Kuna tendo, kuna mbuzi wa kafara, kuna rubani, kuna seremala, na kuna kesi mara mbili. Kesi haifi, tunaambiwa. Mtoto ndiye aliyekufa, naye hakupata nafasi hata katika jalada.

Wataniambia kwamba ninachezea maneno. Basi tuingie ndani ya vitabu, tutazame sarufi. Mtoto katika kurasa hizi alilazwa, akaibwa, akatafutwa, akapatikana, akatambuliwa, akachomwa, majivu yake yakaondolewa. Karibu vitenzi vyote hivyo vimo katika kauli ya kutendwa. Rubani anaagiza, anasubiri, anashuhudia. Seremala anapima, anakata, anaficha, anakana. Katika sura ya mwanafunzi wangu, yenye kurasa 19, mtoto anatenda tendo moja tu: analala. Baada ya ukurasa wa tatu, jina lake halitajwi tena. Panabaki "kesi," "tukio," "fumbo."

Sitaki kuvionea vitabu hivi. Vingine vimefanya kazi ambayo mahakama ilishindwa kuifanya. Kennedy, ambaye awali aliandika Ten Rillington Place, kitabu kilichosaidia kumsafisha Mwingereza aliyenyongwa bila hatia, alivutwa na kesi hii baada ya kumwona mjane wa Hauptmann kwenye televisheni. Mama huyo, Anna, alimtetea mumewe hadi alipofariki mwaka wa 1994. Kennedy anauliza maswali ya haki: Je, wakili aliyelipiwa na gazeti angemtetea mteja kwa moyo wote? Je, mji uliofurika waandishi wa habari na watazamaji ungeweza kutoa baraza la wazee wa mahakama lisilo na upendeleo? Fisher naye anamjibu kwa nyaraka za polisi wa New Jersey, na kwa ushahidi wa mbao wa Arthur Koehler, mtaalamu aliyeonyesha kwamba kipande kimoja cha ngazi kililingana na ubao wa sakafu ya dari ya Hauptmann. Asomaye mmoja bila mwingine atapotoshwa. Gardner anajitahidi kusimama katikati, na kwangu yeye ndiye mwangalifu kuliko wote.

Kwetu sisi wa isimu, kesi hii ina somo la pekee. Barua za fidia zilijaa makosa: "anyding," "Polise," na "gut" palipofaa neno la Kiingereza la "nzuri." Mtu yeyote aliyefunza lugha ya pili ataona hapo athari ya Kijerumani. Ila athari ya lugha ya kwanza humtambulisha mtu wa jamii fulani. Haimtambulishi mtu binafsi. Fikiria barua ya namna hiyo ikiandikwa Kenya, mwandishi akichanganya r na l. Tungewakamata wangapi? Hauptmann alidai kortini kwamba polisi walimwamuru ayaandike maneno yale kwa makosa yale yale, kisha wakamwambia: tazama, mwandiko ni wako. Kennedy anamwamini. Fisher hamwamini.

Lililo zito zaidi ni sauti. Usiku wa kulipa fidia, Lindbergh alikuwa ameketi garini nje ya makaburi, akasikia mtu akimwita Condon kwa maneno mawili tu: "Hey, Doctor!" Mnamo Septemba 1934 aliliambia baraza la uchunguzi kwamba ingekuwa vigumu sana kumtambua mtu kwa sauti ile. Kisha akaletwa, akiwa amejibadilisha sura, kumsikiliza Hauptmann akiyatamka maneno hayo. Januari 1935, miaka miwili na miezi tisa baada ya usiku ule, aliapa kortini kuwa sauti ilikuwa ya Hauptmann. Nani angembishia shujaa wa taifa?

Mwanasaikolojia Frances McGehee aliamua kuipima hoja hiyo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1937, wanafunzi walimsikiliza mtu wasiyemwona akisoma, kisha baadaye wakatakiwa kuitambua sauti yake miongoni mwa nyingine. Baada ya siku moja, asilimia 83 walipatia. Baada ya miezi mitano, ni asilimia 13. Utafiti huo ni msingi wa elimu yetu kuhusu mashahidi wa masikio. Kwa hiyo sisemi kwamba kuandika kuhusu uhalifu ni upuuzi. Mwandishi anayeuliza "umejuaje?" anaweza kuokoa maisha.

Na asiyeuliza anaweza kuangamiza. Violet Sharp, mtumishi katika nyumba ya bibi mzaa mama wa mtoto, alihojiwa na polisi mara kadhaa. Majibu yake kuhusu usiku ule yaligongana, kwa sababu alikuwa ametoka na mwanamume kwenda kunywa na hakutaka ijulikane. Juni 10, 1932, alipoambiwa atahojiwa tena, alikunywa sumu akafa. Baadaye ilithibitishwa kwamba aliyoyasema mwishoni yalikuwa kweli. Januari 1934, miezi minane kabla ya Hauptmann kukamatwa, Agatha Christie alichapisha Murder on the Orient Express, ambamo mna mtoto aliyetekwa na kuuawa, na mtumishi aliyeshukiwa bure akajiua. Christie walau alibadilisha majina na akatuambia ni riwaya. Waandishi wa uhalifu wa kweli hawana kinga hiyo. Hata leo wapo wanaomrudisha Sharp kizimbani kila wanapohitaji mshukiwa wa kujazia sura.

Turudi kwa mtoto. Najua pingamizi itakayoletwa: "Mwalimu, mtoto wa miezi 20 ametenda nini cha kuandikwa?" Ni swali zuri, na jibu limo ndani ya kesi yenyewe.

Mtoto huyo alikuwa na mafua wiki ile. Jioni ya Machi 1, yaya wake, Betty Gow, alimshonea shati la flaneli ili kifua chake kisipate baridi. Lilishonwa haraka haraka, kwa uzi wa buluu. Siku chache baada ya wizi, mama yake, Anne Morrow Lindbergh, aliyapa magazeti orodha ya vyakula vya mwanawe: maziwa, uji wa nafaka asubuhi na jioni, mboga zilizopikwa, kiini cha yai, kiazi au wali, matunda yaliyochemshwa, maji ya machungwa akiamka. Aliitoa ili mwizi, popote alipo, ajue namna ya kumlisha.

Orodha ile haina tamathali wala kitenzi cha kusisimua. Lakini nilipoisoma nilimwona mtoto, anaamka ana kiu, ana vitu anavyovijua na anavyovitarajia. Mwaka wa 1973 mama huyo alichapisha shajara na barua zake za miaka ile katika Hour of Gold, Hour of Lead. Humo mtoto anacheka, anakataa, anaiga. Kwa hivyo habari zake zilikuwapo, tena hazikufichwa. Kilichokosekana ni mwandishi wa kuzihitaji.

Lile shati nalo ndilo lililosaidia kuutambua mwili, wiki 10 baadaye. Katika vitabu vingi linajitokeza hasa hapo, likiwa kidhibiti. Kitambaa kilichoshonwa kwa sababu mtoto anakohoa kimegeuka kielelezo chenye nambari. Sikatai kwamba mahakama ilihitaji kidhibiti. Ila mwandishi si mahakama.

Sasa lugha yetu. Mwanafunzi aliniuliza atalitafsirije neno la Waller, Kidnap. Kwa kawaida tunasema kuteka nyara. Lakini nyara ni nini? Ni mali iliyochukuliwa vitani. Binadamu aliyekamatwa vitani ni mateka. Nyara ni vitu. Ndugu zetu wa Tanzania mpaka leo huziita pembe za ndovu zilizowindwa kinyume cha sheria "nyara za serikali." Kwa hiyo tunaposema mtoto ametekwa nyara, tumekwisha kumweka fungu moja na pembe. Neno la Kiingereza, ambalo tunalidhania kavu, lilizaliwa karne ya 17 pale watoto walipokuwa wakiibwa na kupelekwa kufanya kazi katika mashamba ya makoloni ya Marekani, na nusu yake ya kwanza ina maana ya mtoto. Waller, bila shaka pasipo kukusudia, ndiye pekee kati ya wale watano aliyemweka mtoto katika anwani.

Sitaki tulitupe neno kuteka nyara. Limezoeleka, na lugha haiendeshwi kwa amri ya maprofesa. Nataka tu tulisikie. Ukisikia nyara ndani yake, unaweza kujiuliza ni nani mwingine anayefaidi mali hiyo baada ya mwizi kuondoka. Gazeti? Kampuni ya filamu? Mwandishi?

Liko jambo jingine ambalo Kiswahili kinalijua. Magazeti ya Marekani yalimwita "mtoto wa Lindbergh," na ndivyo anavyoitwa hadi leo. Hata jina lake la kubatizwa lilikuwa la baba, Charles Augustus Lindbergh. Jina lilishuka kutoka kwa mzazi. Kwetu, jina hupanda. Mwanamke akijifungua huanza kuitwa Mama Fulani, na mwanamume Baba Fulani. Mtoto ndiye anayempa mzazi jina jipya mtaani.

Hapa lazima niungame. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana wa sekondari kijijini. Mtoto wa jirani, wa miaka minne, alipotea siku ya soko, hakuonekana tena. Mwaka uliofuata niliandika kisa hicho katika jarida la shule. Nilijivunia sana. Nilimchora mgeni mwenye koti refu aliyesemekana kuonekana sokoni, nikamweleza mwendo wake, kofia yake, meno yake. Wanafunzi waliugombea ukurasa ule. Kisha mmoja wao akamsomea mama wa mtoto.

Alikuja kwangu jioni, akakataa kuketi. Aliniambia, "Mwalimu, yule mtu umemwandika kurasa nne. Mwanangu umempa mstari mmoja. Mimi yule mtu simjui. Mwanangu namjua. Mbona hukuja kuniuliza?"

Sikuwa na la kusema. Nilimwita Mama, nikakwama, kwa sababu baadhi ya watu kijijini walikuwa wameanza kumwita kwa jina la mtoto wake wa pili, wakidhani wanampunguzia uchungu. Akanikamilishia mwenyewe. Alilitamka jina la yule aliyepotea, akasema, "Mimi bado ni mama yake huyo." Jina hilo silitaji hapa, maana ni lake.

Ndiyo maana sura ya mwanafunzi wangu ilinisumbua. Niliiona kalamu yangu mwenyewe ya miaka ile. Kosa letu halikuwa uongo. Mgeni mwenye koti alisemekana kweli kuonekana, kama ngazi ya Hopewell ilivyokuwapo kweli. Kosa lilikuwa kuufuata msisimko hadi ulikotupeleka, nao siku zote humfuata mtu mbaya, maana yeye ndiye mwenye mwendo, siri na hila. Aliyeibwa hana hila yoyote. Usipomtafuta kwa makusudi, sentensi zenyewe zitamwacha nyuma.

Nasi tunao watoto wanaopotea. Picha zao huzunguka katika simu zetu, kisha hufuata makisio, kisha sauti za watu wanaojua kila kitu. Masimulizi ya uhalifu wa kweli kwa Kiswahili yanakuja, tupende tusipende, na wa kuyaandika ni vijana kama huyu wangu. Wasomaji wao watakuwa pamoja na akina mama wenye majina ya watoto hao. Hao wa kwetu watakisoma kitabu kwa lugha wanayoielewa, na wataweza kubisha hodi.

Mwanafunzi aliniuliza, "Kwa hivyo niache, Prof?" Nikamwambia la, asiache. Asome Fisher na Kennedy pamoja, amsome mama wa mtoto kabla yao, na kila anapomshuku mtu ajiulize kama angethubutu kumshuku akiwa hai, ameketi mbele yake.

Juzi ameirudisha sura. Sasa inaanza jioni, mtoto anakohoa, naye yaya anatafuta uzi. Kuhusu lile neno la Waller bado tunabishana. Kwa sasa ameandika tu kwamba aliibwa, kisha akaongeza alikuwa ameanza kula nini.